Daktari naye ana haki ya kulala



Huenda limekukuta. Saa nane za usiku umempeleka mtoto hospitali, homa imepanda, mama yake analia. Anakuja daktari kijana, macho mekundu. Anauliza jina la mtoto, anaandika, na baada ya dakika mbili anauliza tena jina lile lile. Unaguna. Pengine unasema kwa sauti kwamba madaktari wa siku hizi hawana huruma. Hujui kwamba kijana yule aliingia kazini jana asubuhi, na kukipambazuka atapita wodini na daktari bingwa wake kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Hapa Tanzania, aliyehitimu chuo cha udaktari hufanya kwanza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Akitaka ubingwa husoma tena miaka mitatu au zaidi, na sehemu kubwa ya masomo hayo ni wodini, anatibu huku anafundishwa. Mara nyingi ndiye unayemkuta usiku.

Wamarekani walizindukana kwa msiba. Machi 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alipelekwa katika hospitali moja ya New York akiwa na homa, akafariki baada ya saa chache. Waliokuwa wakimhudumia usiku ule ni madaktari wawili wa mafunzoni, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengine wengi. Alichomwa sindano ya dawa isiyopatana na dawa ya sonona aliyokuwa akitumia. Sababu hasa ya kifo ilibishaniwa mahakamani kwa miaka, lakini baba yake, ambaye alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikawekwa kwa mafunzo ya udaktari nchi nzima. Saa 80, msomaji, na huko ndiko kupunguza!

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Boston ulionesha kuwa madaktari wa mwaka wa kwanza wa mafunzo, wakifuata zamu ndefu za kizamani katika wodi za wagonjwa mahututi, walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopunguziwa saa. Na kwa kuwa safu hii ni ya usafi pia, tusiache hili: utafiti wa mwaka 2015 katika hospitali 35 za Marekani ulikuta kwamba kadiri zamu ya saa 12 inavyosonga, wahudumu huzidi kuacha kunawa mikono. Wote wanajua umuhimu wa kunawa. Uchovu ndio unaowasahaulisha.

Katika dini yetu jambo hili lina mlango wake. Mtume (s.a.w.) alimkataza kadhi kuhukumu akiwa na ghadhabu. Wanazuoni wakapima kwa kiasi, wakasema hali nyingine zinazovuruga akili, kama njaa kali na usingizi mzito, nazo zimo humo. Ikiwa kesi ya shamba haiamuliwi na mtu anayesinzia, itakuwaje kipimo cha dawa ya mtoto?

Sonona si upungufu wa imani

Kukosa usingizi hakuishii kwenye makosa ya kazi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 54 za nchi mbalimbali, zenye madaktari wa mafunzoni zaidi ya 17,000. Walikuta karibu 3 katika kila 10 wana sonona au dalili zake. Mtu huanza kukosa hamu ya chakula na ya watu, hukasirika kwa jambo dogo, hulia peke yake, au hata akipata siku ya mapumziko usingizi humkimbia. Wengine hujiandikia dawa za usingizi wenyewe, na hapo hatari huwa mbili.

Kijana wa namna hii akithubutu kusema, huambiwa azidishe swala. Swala na dua ni nguzo, hakuna Muislamu anayebisha. Lakini Mtume (s.a.w.) alituamrisha pia kutafuta tiba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Wazee wetu hawakuona haya kulizungumza. Haya ni yetu sisi, na kwa daktari huwa nzito zaidi, maana kliniki ya akili atakayokwenda ina watu anaofanya nao kazi. Kama anaogopa kuonekana, aende hospitali nyingine. Na akitaja kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo. Asindikizwe siku hiyo hiyo.

Sasa wewe mzazi au mke wa daktari kijana. Tunajua mnajivunia. Lakini simu za ukoo mzima, huyu anauliza dawa ya mafua, yule anataka ada ya mtoto, humfuata hadi kitandani. Teueni mtu mmoja nyumbani wa kuzipokea. Akitoka zamu ya usiku asiendeshe gari wala pikipiki: utafiti wa mwaka 2005 ulikuta kuwa baada ya zamu ya saa 24 au zaidi uwezekano wa ajali huongezeka zaidi ya maradufu. Kaka yake amfuate, au apande daladala. Akifika, ale kidogo, asinywe kahawa, chumba kitiwe giza, watoto wapelekwe kwa bibi. Mgeni akibisha hodi aambiwe kweli kwamba amelala, arudi baada ya Alasiri.