Neno lililotengwa

Mwezi uliopita niliandika programu ndogo ya Python ya kuhesabu nomino za ngeli ya 9 katika masimulizi niliyorekodi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho. Mstari wa kwanza ulikuwa "class = 9". Kompyuta ikakataa: kosa la sintaksia. Nilikagua mabano, nukta na nafasi hadi umeme ukakatika. Kosa lilikuwa jina lenyewe.

"Class" ni mojawapo ya maneno 35 ambayo Python imeyatenga, pamoja na "if", "for", "in" na "or". Huruhusiwi kuita kitu chako kwa maneno hayo. Sisi wa isimu tutayafananisha na viunganishi na vihusishi: kundi dogo, lililofungwa. Lakini "na" yetu huunganisha (baba na mama), humtaja mtenda (amenyeshewa na mvua), huonyesha umiliki (nina kitabu), na msikilizaji huelewa kwa muktadha. Python ikiona "class" haiulizi jirani zake ni nani.

Wabunifu wa lugha ya PL/I, miaka ya 1960, walifuata njia nyingine: hawakutenga neno lolote. Hata IF ingeweza kuwa jina la kitu, na mahali pake katika sentensi ndipo palipoamua. Mashine iliweza kusoma "IF IF = THEN THEN THEN = ELSE". Binadamu je?

Kutenga nako kuna gharama. Mwaka 2018 Python 3.7 ilitenga "async", na programu zilizokuwa zikitumia jina hilo zikakwama. Kwa hiyo mwaka 2021, "match" ilipoingia katika toleo la 3.10, ilipewa nusu hadhi tu: ni amri mahali fulani, kwingine ni jina la kawaida. Muktadha ukarudi kwa mlango wa nyuma!

Wenzangu mtakaojaribu, ogopeni zaidi "list", ambalo halijatengwa. Ukiipa orodha yako jina hilo, Python inanyamaza. Mbele huko, ukiihitaji "list" yenyewe, inalalamika juu ya jambo lisiloeleweka. Heri lile linalokataa palepale.

Mimi niliandika "ngeli = 9". Ikapita. Hata "classe" ya Kifaransa ingepita, maana maneno yale 35 karibu yote ni ya Kiingereza. Sasa programu yangu ina "ngeli", "shina" na "kiambishi", na inahesabu.