Maumivu ya paja yakiisha, usidhani umepona

HUENDA wewe ni mmoja wa wale wanaocheza kandanda na wenzao kila Jumamosi, au hukimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ghafla, ukiwa katika mbio kali, unahisi kama umepigwa jiwe nyuma ya paja. Msuli umechanika.

Jeraha hili halichagui mtu. Lilimwangusha Usain Bolt wa Jamaika mjini London mwaka 2017, katika mbio zake za mwisho za kupokezana vijiti.

Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu. Huanzia kwenye mfupa wa kukalia na kuishia chini ya goti. Kazi yake ni kukunja goti na kuvuta paja nyuma. Mara nyingi huchanika mkimbiaji anapotimka, mguu ukiwa mbele na karibu kukanyaga, kwani hapo msuli hunyooshwa huku umekazwa.

Ukiumia, acha kucheza papo hapo. Funga barafu kwa kitambaa, uiweke kwenye jeraha kwa dakika 15 hivi, na urudie kila baada ya saa 2 au 3. Funga paja kwa bendeji na uinue mguu. Kwa siku 3 za kwanza usikandwe kwa maji moto, usichuliwe wala usinywe pombe, maana damu inaweza kuzidi kuvuja ndani.

Ikiwa ulisikia mlio, huwezi kukanyaga, au paja limevilia damu sana, nenda hospitalini. Huenda kano imeng'oka kwenye mfupa, na pengine utahitaji upasuaji.

Jeraha dogo huchukua wiki 1 hadi 3 kupona, na la wastani wiki 4 hadi 8. Msuli ukikatika kabisa, huenda ukangoja miezi 3 au zaidi. Wengi hurudi uwanjani mara tu maumivu yanapotoweka, ilhali kovu bado ni changa. Msuli huchanika tena, pengine vibaya zaidi.

Anza kwa kutembea polepole, kisha utie msuli nguvu. Maumivu yakishaisha, piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, nawe uushushe mwili mbele polepole ukijizuia kwa mapaja, halafu ujipokee kwa mikono. Anza na mara chache. Zoezi hili limeonekana kupunguza majeraha haya kwa takriban nusu katika timu za kandanda.

Rudi mchezoni tu ukiwa umetimka kwa kasi yako yote mazoezini, mara kadhaa, bila maumivu wala hofu. Mwenda pole hajikwai.