Mnyororo wa Mto Hudson

Tarehe 12 Julai 1776, siku 8 tu baada ya makoloni ya Marekani kutangaza uhuru, manowari mbili za Uingereza, Phoenix na Rose, zilipanda Mto Hudson mbele ya mizinga ya waasi mjini New York. Mizinga ilinguruma, moshi ukatanda, na manowari zikapita zikiwa na mikwaruzo tu.

Merikebu yenye upepo wa nyuma na maji yanayojaa haingoji mpigaji apakie tena. Mzinga wa zama zile ulisafishwa, ukatiwa baruti na tufe, ukashindiliwa, ndipo ukalengwa upya. Kumbe kazi ya kwanza ya ngome ya mtoni ni kuichelewesha merikebu, kuizamisha kunafuata.

Waasi walijaribu kuuziba mto kwa mnyororo huko Fort Montgomery. Oktoba 6, 1777, Waingereza wakaja kwa miguu, wakapitia milimani na kuiteka ngome kutoka nchi kavu. Mnyororo ukapotea bila hata merikebu moja kuugonga.

West Point, kwenye mto huohuo, palikuwa mahali pa akili zaidi. Hapo mto unajipinda kwa ghafla mara mbili, na nahodha aliyekuja na upepo mzuri hujikuta hana budi kubisha dhidi ya upepo, mwendo umekufa, huku mizinga ikimtazama kutoka kingo zote mbili. Ndipo, Aprili 30, 1778, ulipotandazwa mnyororo mpya. Kila pete ilikuwa na urefu wa kama sentimita 60, chuma kinene kupita kifundo cha mkono, uzito zaidi ya kilo 45. Uzito huo ulibebwa na magogo yaliyoelea, na kila majira ya baridi mnyororo wote ulivutwa ukingoni usije ukakatwa na barafu. Mhandisi wa Kipolandi, Tadeusz Kościuszko, alisimamia ujenzi wa vingome vilimani pia, ili adui asirudie hila ya kupitia kisogoni.

Ikabaki hila moja: kununua mlango. Mwaka 1780 kamanda wa West Point, Benedict Arnold, aliafikiana na Waingereza kuwauzia ngome kwa pauni 20,000. Mjumbe wao, Meja John André, alikuja kwa manowari Vulture, akashuka kukutana na Arnold. Alipokuwa bado nchi kavu, waasi waliishambulia Vulture kwa mzinga mdogo kutoka Teller's Point, ikalazimika kuteremka mto na kumwacha. Akarudi kwa njia ya nchi kavu, akakamatwa Septemba 23 na nyaraka kuhusu ngome ndani ya soksi, na hila ikafichuka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna mzinga uliofanya kazi kubwa kuliko ule katika mto mzima.

Hakuna manowari ya adui iliyowahi kuujaribu mnyororo wa West Point. Pete 13 zake zipo hapo hadi leo, katika uwanja wa chuo cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1802.