Karakana Pekee Haizai Mhandisi
Swali ni lile lile kila udahili unapofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega: hisabati zote hizi za nini? Kwa nini zisipunguzwe ili wanafunzi wa uhandisi washinde karakanani? Limeulizwa mno, na limekosea tangu mzizi. Linadhani mikono ikishika vyuma, akili itaelimika yenyewe. Natasha Holmes, Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001, na wenzao walichunguza kozi tisa za fizikia ya msingi katika vyuo vitatu, wakawalinganisha waliofanya maabara na wasiofanya. Kwenye maswali ya mtihani yaliyogusa mada za maabara, hawakuona faida ya kupimika. Nami sishangai. Karatasi ya maelekezo huwa imekwisha kuamua nyaya ziungwe wapi, kipimwe nini, jibu likaribie ngapi. Mwanafunzi hufuata hatua, hujaza jedwali, na namba ikikataa hunakili ya jirani. Mwongezee saa kumi za mazoezi hayo na umemwongezea saa kumi za kutii.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mwenye diploma ya chuo cha ufundi cha Sigalagala hufufua jenereta huku mwenye digrii akikuna kichwa. Ni kweli, na ni sawa: fundi sanifu amefunzwa kazi hiyo na anastahili heshima yake yote. Mhandisi hulipwa kukadiria kisichojengwa bado. Daraja la Sigiri kwenye Mto Nzoia liliporomoka Juni 2017 kabla ya kukamilika. Katika ujenzi wa daraja, kila sehemu ya zege inayomwagwa hubadilisha mzigo wa mihimili, na badiliko hilo halishikwi kwa mkono, hupigiwa hesabu. Ukiondoa hesabu umeondoa kazi yenyewe.

Simtetei mhadhiri anayetoa imla tu. Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 mwaka 2014: mihadhara mitupu iliangusha asilimia 33.8 ya wanafunzi, darasa shirikishi asilimia 21.8. Basi karatasi za maelekezo ziondolewe, mwanafunzi apewe lengo na vifaa. Akadirie jibu kabla ya kupima, kisha aeleze tofauti. Darasa kubwa ligawanywe makundi ya wanne. Mradi wa kubuni uanze mwaka wa kwanza, usingoje wa tano. Anayekwenda kiwandani aende na swali la kujibu, si daftari la kugongewa muhuri tu. Na mtihani uulize kwa nini.