"Usumbufu" Si Jina la Kila Taabu

Hapana mwananchi asiyeyajua maneno haya: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Hubandikwa milangoni mwa ofisi, husomwa redioni, na siku hizi huingia hata katika simu ya mkononi. Ni maneno ya tafsiri. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapo kuwa usumbufu ni "inconvenience", ambalo asili yake ni Kilatini, kwa maana ya jambo lisilopatana wala kufaa. Waingereza wa kale walilitumia hata kwa madhara makubwa. Leo wamelipunguza mno, likabaki neno la basi lililochelewa.

Kiswahili hakina umaskini huo. Tunao usumbufu, udhia, adha, kero, taabu na dhiki, na kila neno lina uzito wake. Mtoto anayemvuta kanga mamaye jikoni anasumbua. Lakini mfikirieni mkulima wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, takriban Novemba hadi Aprili. Mbegu zikimfikia mvua ikiwa inaaga, huyo amepoteza mwaka. Akiombwa radhi kwa usumbufu, ataona aombwaye ni mtu mwingine.

Ndugu zetu wa Unguja hawana haja ya kusafiri hadi Singida ili kulifahamu hilo. Mwaka 2008 njia ya umeme itokayo Bara kupitia chini ya bahari iliharibika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na umeme haukurejea hadi Machi 2010. Maji yavutwayo kwa pampu yakawa haba. Samaki hawakuwa na barafu. Waya mwingine, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulianza kazi mwaka 2013. Miezi ile mitatu ilikuwa dhiki, na tuiite hivyo.

Wakubwa wa ofisi watatuambia kwamba tunashindania maneno matupu. La. Mambo ya Muungano yaliyolalamikiwa yalipopewa jina la kero, yaliorodheshwa, yakaundiwa kamati ya pamoja ya Serikali zetu mbili. Usumbufu haujapata kuundiwa kamati.

Kwa hiyo tunawaomba waandishi wa matangazo ya umma waeleze kilichoharibika, tangu lini, kitatengenezwa lini, na mwananchi akapate wapi maji kwa siku hizo. Radhi waiombe baada ya hayo.