Macho Yameshiba, Vidole Vina Njaa

Drafti inayochezwa barazani Majengo, Pumwani, haina pambo. Ubao ni kadibodi iliyopigwa mistari kwa kalamu, kete ni vizibo vya soda: huyu kavilaza, yule kavifudikiza. Hata hivyo watazamaji hawabanduki, kwa sababu kila kete inayosogezwa inafunga njia moja na kufungua nyingine. Gemu nyingi za studio ndogo zinapungukiwa na hilo hilo, na uzuri wa picha unachelewesha mchezaji kuligundua. Chukua Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024 chini ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa baba yake. Rangi zake zinalevya. Zau, mhusika mkuu, ana vinyago viwili, cha jua kwa mapigano ya karibu na cha mwezi kwa kurusha toka mbali. Wazo zuri sana. Ila adui mwenye ngao huja na rangi inayokutajia kinyago cha kuvaa, basi mchoraji keshakuamulia, kidole kinatii tu. Na huzuni ambayo picha imeshaibeba, wahusika wanaisimulia tena kwa maneno.

Chanzo, kwa maoni yangu, ni soko kuliko upungufu wa vipaji. Video ya matangazo ya dakika moja inauza rangi. Haiwezi kuonyesha kama saa ya tano ya kucheza itachosha. Mkenya Andrew Kaggia naye alitoka kwenye katuni, akiwa na filamu yake fupi Wageuzi, kabla ya kutoa gemu ya Nairobi X mwaka 2015. Jiji likawa letu, wavamizi wa angani wakaja, ufyatuaji risasi ukabaki ule ule wa gemu za ng'ambo.

Kuna atakayenitajia gemu ya Gris, ya studio ya Barcelona, 2018, ambamo mchezaji hafi kabisa na bado inapendwa. Sawa, lakini humo rangi zilizopotea ndizo zinazorudishwa, kwa hiyo mchoro ndio kazi yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni la fedha: studio changa ya Kiafrika idaiwe picha na kanuni kwa pamoja? Kwenye picha, nakubali, tuwe wapole. Kanuni za mchezo ni jambo jingine, maana zinajaribika kwa vizibo na kadibodi, wiki nzima, kabla mchoraji hajalipwa hata shilingi moja.