Eyam: Kijiji kilichojifungia ili tauni isivuke kwa jirani

Mbele ya baadhi ya nyumba za mawe katika kijiji cha Eyam, jimboni Derbyshire nchini Uingereza, kuna vibao vyenye majina. Ni majina ya baba, mama na watoto waliowahi kuishi humo, na karibu na kila jina imeandikwa tarehe ya kifo. Nyingi ni za mwaka 1665 na 1666.

Nyumba hizo bado zinakaliwa. Watoto wa leo wanatoka kwenda shule wakipita mbele ya majina ya watoto wenzao waliokufa zaidi ya miaka 350 iliyopita. Wazazi wao hawawafichi kisa hicho, ingawa ni kizito.

Mzigo kutoka London

Mwaka 1665 jiji la London lilikuwa limeelemewa na tauni, ugonjwa unaosambazwa na viroboto wa panya. Simulizi ya kijiji inasema fundi nguo wa Eyam, Alexander Hadfield, aliletewa kitambaa kutoka London. Msaidizi wake, George Viccars, alikifungua na kukianika karibu na moto kwa sababu kilikuwa na unyevu. Inaaminika viroboto walikuwamo ndani.

Viccars alifariki Septemba 7 mwaka huo. Muda si mrefu watoto wawili wa nyumba hiyo nao walikufa, kisha ugonjwa ukahamia kwa majirani. Majira ya baridi ulipungua na watu wakaanza kupumua, lakini joto liliporudi mwaka 1666 ulirejea kwa nguvu zaidi.

Viongozi wawili waliotofautiana

Kasisi wa kijiji alikuwa William Mompesson, kijana asiyefikisha miaka 30, ambaye alikuwa mgeni. Wanakijiji wengi bado walimpenda mtangulizi wake, Thomas Stanley, aliyeondolewa kazini kwa kukataa utaratibu mpya wa ibada uliowekwa na serikali. Kwa hali ya kawaida, wawili hao wasingeketi meza moja.

Juni 1666 waliketi. Walijua kuwa wakizungumza kwa sauti moja watasikilizwa, na wakipingana kila mtu atashika njia yake.

Walikubaliana na wanakijiji mambo matatu. Kwanza, kila familia izike wafu wake yenyewe, karibu na nyumba au shambani, badala ya kuwapeleka kwenye makaburi ya kanisa. Pili, kanisa lifungwe na ibada ifanyike nje, katika bonde la Cucklett Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Tatu, na hilo ndilo lililokuwa gumu, mtu yeyote asitoke nje ya mpaka wa kijiji hadi ugonjwa uishe.

Chakula hakikukosekana. Earl wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth lililo jirani, alisaidia kupeleka mahitaji. Watu wa vijiji vya karibu nao waliacha bidhaa mpakani na kuondoka kabla ya wenyeji kuja kuzichukua. Malipo yaliwekwa kwenye matundu ya jiwe yaliyojazwa siki, kwani iliaminika siki inaondoa ugonjwa kwenye sarafu. Jiwe hilo lenye matundu bado lipo, kwenye njia iendayo kijiji cha Stoney Middleton.

Mama aliyezika saba

Agosti 1666 ndio mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote. Katika shamba la Riley, nje kidogo ya kijiji, Elizabeth Hancock alizika mume wake na watoto wake sita ndani ya siku nane. Hakuna jirani aliyeweza kuja kumsaidia. Aliwachimbia makaburi na kuwazika kwa mikono yake. Makaburi hayo yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe, na wageni wengi wanaofika Eyam hutembea hadi huko.

Mwishoni mwa mwezi huohuo, Catherine, mke wa kasisi Mompesson, naye alifariki. Alikuwa na nafasi ya kuondoka mapema lakini alichagua kubaki na mumewe na kuhudumia wagonjwa.

Ugonjwa ulikoma mwanzoni mwa Novemba. Waliokufa walikuwa takribani 260. Maelezo ya zamani yalidai kijiji kilikuwa na watu 350 tu, ila watafiti wa baadaye wanaona wakazi walikuwa wengi zaidi, huenda mara mbili ya hao. Kwa hesabu yoyote ile, ni nyumba chache zilizobaki bila msiba.

Swali linalobaki kwa wazazi

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ujasiri, na ni kweli ulikuwapo. Lakini kina upande mwingine ambao mzazi hawezi kuuruka.

Baadhi ya familia zenye uwezo ziliondoka kabla ya mpaka kufungwa. Mompesson mwenyewe alikuwa amekwisha kuwapeleka watoto wake wawili Yorkshire. Familia maskini hazikuwa na pa kwenda. Watoto wa Hancock hawakuulizwa kama wanakubali kubaki, wala watoto wengine waliokufa mwaka huo.

Wapo wanaohistoria wanaohoji kama kujifungia kulisaidia kama inavyosimuliwa, au kuliongeza vifo ndani ya kijiji. Wengine wanasema sehemu ya kisa ilipambwa na waandishi wa karne zilizofuata. Hata hivyo, inafahamika kuwa miji na vijiji vya jirani havikukumbwa na balaa kama lile la Eyam.

Je, kasisi alikosea kuwaondoa wanawe kisha kuwaomba wengine wabaki? Au alifanya ambacho mzazi yeyote angefanya akipata nafasi? Swali hilo halina jibu jepesi, na linafaa kujadiliwa na watoto wakubwa mezani.

Jinsi kijiji kinavyokumbuka

Leo Eyam ina wakazi wapatao 1,000. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, hufanyika ibada ya kumbukumbu ya tauni. Watu huandamana hadi Cucklett Delf na kusali hapohapo waliposimama wazee wa mwaka 1666. Shada la maua ya waridi huwekwa kwenye kaburi la Catherine.

Kipindi hichohicho wenyeji hupamba visima, desturi ya zamani ya Derbyshire. Mbao kubwa hupakwa udongo wa mfinyanzi, kisha picha huundwa kwa kubandika petali za maua, majani na mbegu, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na huhitaji mikono mingi. Anayebandika petali anakaa karibu na bibi anayejua historia ya kijiji, na maswali huulizwa hapo bila darasa.

Kuna pia makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1994, ambako wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali hupelekwa. Janga la Uviko-19 lilipoanza mwaka 2020, jina la Eyam lilirudi magazetini, kwani ghafla dunia nzima ilielewa maana ya kufungiwa ndani na kuzika bila waombolezaji.

Mzazi anayetaka kumsimulia mtoto kisa hiki anaweza kufanya kama Eyam wanavyofanya. Aanze na nyumba moja na majina ya waliokaa humo. Mtoto mdogo atatosheka na habari ya sarafu kwenye siki na chakula kilichoachwa mpakani. Aliye mkubwa aelezwe pia kuhusu walioondoka mapema na wale ambao hawakuwa na pa kwenda, kisha aachwe aseme yeye angefanya nini.